Siku Niliyokwenda Kuchuma Shubiri Mwambani

Harufu ya shubiri mbichi haikuvamii. Ukivunja jani, kwanza hunuka kama nyasi zilizolowa, halafu kama jasho la mtu aliyeogopa, kisha uchungu wenyewe unapanda puani na kutua nyuma ya ulimi hata kama hujaonja kitu. Juzi mwenye nyumba ninayokaa aliona kuku wake wanasinzia mchana, akaogopa ugonjwa wa kideri, akavunja majani ya mshubiri na kuyatumbukiza katika kigae cha maji yao ya kunywa. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Harufu iliponifikia, ulimi uligandamana na kaakaa. Mwenye nyumba aliniuliza kitu, sikumjibu. Akauliza tena, akadhani nimenuna. Sikununa. Nilikuwa nimerudi utotoni, peke yangu kwenye mawe ya pwani, na nimekatazwa kusema.

Mimi ni mtu wa kutangatanga, nanyi mnisamehe kwa hilo. Nimelala katika nyumba nyingi kutoka Pangani hadi Kilwa, na kila ninapofika huuliza majani ya pale yanaitwaje na yanatibu nini, mpaka watu huniuliza kama mimi ni mganga. Si mganga, ni mdadisi tu. Juu ya shubiri nimesikia mengi. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hujipaka chuchuni, mtoto akionja mara moja hukunja uso na kumtazama mama yake kama msaliti. Aliyevimba bandama hunyweshwa kidogo kwa maji ya moto, na aliyefunga choo hunyweshwa zaidi, halafu asikae mbali na choo. Mwenye mimba hapewi kabisa. Dukani kwa Mhindi inauzwa kavu, madonge meusi yanayong'aa, lakini watu wa pwani husema ile imekufa. Iliyo hai ni ile inayoota mwambani, kwenye nyufa za matumbawe ambako hakuna hata kiganja cha udongo, majani yake manene yamejaa maji wakati kila kitu kando yake kimekauka. Hiyo ndiyo ya mtu aliyeungua. Na hiyo ndiyo niliyotumwa.

Asubuhi tuliyotoka Bagamoyo hatukuwa na mpango wowote. Ulikuwa mwaka ule manowari za Wadachi, yaani Wajerumani, zilipotia nanga mbele ya mji na mizinga ikaanza kulia. Mimi na mama tulikaa katika nyumba kubwa ya Bwana Nasoro, nyumba yenye mlango wa misumari ya shaba, na chumba chetu kilikuwa banda la uani karibu na jiko. Baba alikuwa bara, amebeba mizigo ya safari, na sura yake nilikuwa naibuni zaidi kuliko kuikumbuka. Nilijiona mtoto wa nyumba ile kama mlango ule ulivyokuwa wa nyumba ile. Kwa muda mfupi hata chuoni, kusoma Kurani, nilikwenda. Niliwabebea watoto wa Bwana mbao zao za kuandikia, nikaketi nyuma yao, nikaokota herufi mpaka Bwana aliposema zinanitosha. Sikuona ajabu. Nilipopita sokoni na kuona watu waliotoka bara wamefungwa shingo, niliwatazama kwa woga na kwa majivuno kidogo, kwamba mimi ni wa mjini, nina kwetu, na kwetu pana mlango wa misumari.

Siku ile makuti ya jiko yalishika moto. Mama aliingia kunitoa, na paa likamwangukia mkono wa kulia, kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Uani watu walikuwa wanagongana, wanabeba masanduku na magodoro, wanaitana. Bwana na jamaa zake wote walitoka mlango wa mbele wakashika njia ya mashambani. Mama alinishika kwa mkono wake mzima, akasimama kidogo kama mtu anayesikiliza kitu mbali, kisha tukatoka kwa nyuma.

"Mama," nikasema, "wenzetu wamepita kule."

"Nimewaona."

"Basi sisi tunakwenda wapi?"

"Tembea, Saumu."

Tukatembea kusini. Mzinga ulipolia nyuma yetu, ardhi ilitetemeka nyayoni na ndege wote waliruka pamoja, kisha kukawa kimya kibaya zaidi ya kishindo. Tulipita makaburi ya kale ya Kaole bila kusimama kusoma dua, nami nikaogopa kwamba waliolala mle watatushika kwa utovu wa adabu. Tuliposikia sauti za watu njiani, mama alinivuta vichakani tukajikunyata. Niliuliza kwa nini tunajificha hata kwa wanawake wenye watoto.  Mama hakuwa mtu wa kunijibu kila nilipouliza, maana niliuliza kupita kiasi, lakini kimya cha siku ile kilikuwa kingine. 

Siku ya pili, tulipofika pwani ya Mapinga, mkono wake ulikuwa umevimba na kutoa maji. Nguo ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Alikuwa akisema maneno yasiyofuatana, na mara mbili aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Tulikuta mwamba uliolika chini na mawimbi ya zamani, ukaacha kivuli kama paa la nyumba, na hapo akaketi na hakuweza kuinuka tena. Mimi nilikuwa sijaona mtu mzima akishindwa kuinuka. Nilimvuta mkono ule mzima, naye akaniambia niache, kwa sauti ya upole iliyoniogopesha kuliko kama angenikaripia.

Kisha akili yake ikamrudia kidogo. "Saumu, nisikilize. Fuata mawe haya upande wa baharini, maji yamekupwa. Utaona mmea umekaa kwenye ufa wa jiwe, majani manene yana vidoti vyeupe na meno madogo ubavuni. Ni mshubiri. Vunja majani ya chini, yale yaliyoshiba, uniletee."

"Ndiyo, mama."

"Lakini dawa hiyo ina mwiko wake." Akanishika kidevu. "Kwenda na kurudi, usiseme na mtu. Ukisalimiwa usiitikie. Ukiulizwa jina usitaje. Ukiulizwa wewe wa nani, usiseme. Neno moja likikutoka, dawa itabaki kwa huyo uliyesema naye, na mimi hainifai kitu. Umesikia?"

Nikafungua mdomo nijibu, naye akaniziba kwa kiganja. "Anza sasa," akasema.

Nikaenda. Mawe ya matumbawe yana makali kama vigae, na mimi sikuwa na viatu. Chini yangu, katika mashimo, maji yalikuwa yanaingia na kutoka kwa sauti ya mtu anayenywa uji wa moto. Kila mara niliposikia sauti ile nilidhani kuna mtu. Mbali baharini moshi wa manowari ulikuwa umesimama wima, na nilijua, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba aliye kwenye manowari ile ananiona mimi peke yangu. Juu ya jiwe moja nilikuta gamba la nyoka, refu, jepesi, linapeperuka kidogo kwa upepo. Nililizunguka kwa mbali. Nilitaka kumwita mama. Nikakumbuka kwamba hata kuita ni kusema.

Mshubiri wa kwanza niliouona ulikuwa umeshika ukuta wa mwamba juu kidogo ya kichwa changu, umenyoosha shina la maua mekundu, na ndege mdogo aitwaye chozi alikuwa amening'inia pale anafyonza asali. Mpaka leo sielewi mizizi yake ilikuwa inakula nini. Nilipanda, nikavunja jani la chini. Lililia kidogo, kama tango, na utomvu wa manjano ukatiririka hadi kwenye viwiko vyangu. Nikavunja jingine na jingine, nikayafunga katika kipande cha kaniki nilichokuwa nimejitanda, nikashuka. Nilikuwa nimefurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mizinga ianze nilifikiri kwamba mama hatakufa.

Maji yalikuwa yameanza kujaa na njia niliyojia imeshafunikwa, basi nikapanda juu kwenye kijia cha watu. Hapo ndipo nilipowakuta, au niseme walinikuta wao. Wanaume wawili. Mmoja mrefu, amebeba gobore begani. Mwenzake mfupi, mwenye kamba nyingi zilizosokotwa kiunoni, nami niliziona kamba zile kabla sijauona uso wake.

Mtoto wa pwani akikutana na wakubwa huamkia. Hiyo huanza kabla hajajua kujifunga nguo. Shikamoo ilinijia yenyewe hadi kwenye meno. Nikaimeza.

"Hebu tazama," akasema yule mrefu. "Katukodolea macho kama mbuzi. We mtoto, huamkii watu?"

Nikatazama chini.

"Mwana wa nani wewe?"

Kimya.

"Labda kiziwi, Mbaruku," yule mfupi akasema.

"Au mjinga. Wa bara huyu, hajui neno." Mjinga, katika maneno ya siku zile, alikuwa mtumwa aliyeshuka karibuni, asiyejua lugha ya watu. "Kamponyoka mtu katika vurugu hili. Tazama na kaniki yake, vazi la watumwa."

Wakazungumza juu yangu kama wanunuzi wanavyozungumza juu ya samaki, kama mbichi au amelala. Mfupi alinishika mkono akauminya. Akasema ni mwembamba. Mbaruku akasema watoto hunenepa. Kisha akaniinamia sikioni na kupiga ukelele, "Nyoka!"

Nikaruka. Ningefanyaje? Bado nilikuwa nalifikiria lile gamba la nyoka.

Wakacheka mpaka gobore likateleza begani. "Kumbe anasikia!" akasema mfupi. "Na Kiswahili anakijua vizuri sana."

Mbaruku aliacha kucheka kabla ya mwenzake. "Basi si mjinga," akasema polepole. "Anajua lugha na hasemi. Anamficha mtu. Huyu ni mtoro, au mtoto wa mtoro. Sema, binti. Bwana wako nani?"

Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa tayari ulimini, zima, limepambwa. Mimi Saumu, wa nyumba ya Bwana Nasoro, Bagamoyo, nyumba yenye mlango wa misumari. Niliamini kwamba nikilitamka tu wale watu wataniachia mkono na kuniomba radhi. Lakini nilimwona mama chini ya mwamba, nikaona dawa inatoka kwenye majani yangu na kuingia katika mikono ya Mbaruku, ambaye wala hakuungua. Nikauma meno. Nililia, maana kulia sikukatazwa. Mfupi akafungua kamba moja, akanifunga kifundo cha mkono, akaanza kunivuta. Haja ndogo ilinitoka nikiwa natembea. Sikuona hata aibu.

Walinipeleka kwenye kiwanja cha wapika chumvi, kando ya mikoko. Labda walitaka maji ya kunywa tu. Wanawake walikuwa wameinama juu ya vyungu vinavyotokota, moshi umetanda, macho yao mekundu. Nyuma ya vyungu palikuwa na vibanda vichache. Mama mmoja, mfupi na mnene, alisimama na upawa mkononi akatutazama tukija. Niliona mikono yake. Ilikuwa na mabaka kutoka vidoleni hadi juu, mengine meupe, mengine mekundu, kama ramani. Yeye naye alikuwa anatazama mikono yangu, iliyopakaa manjano, na kifurushi kifuani.

"Haya!" akapaza sauti. "Namtuma mtoto shubiri, ananirudishia wanaume wawili!"

Mbaruku akasimama. "Huyu ni wako?"

"Wa nani tena? Wewe ulimzaa?"

"Mbona hasemi?"

"Bubu."

"Tumemwambia nyoka, karuka."

"Nimekwambia bubu, sikusema kiziwi. Bubu anasikia. Kuna watu wanasema kutwa na hawasikii, na mmoja ninaye mbele yangu." Wanawake wakaanza kucheka. "Fungua kamba hiyo, mwanangu si ng'ombe."

"Aite mama, basi, tusikie," yule mfupi akasema.

"Bi Tatu, umesikia?" mwanamke mwingine akadakia kutoka kwenye moshi. "Anataka bubu aite mama! Mngoje, akimaliza atamwambia kipofu amsomee." Na mwingine akasema, "Mtoto tunamlea sote hapa, na leo tunaambiwa si wetu!" Wakaja karibu wote, na miiko yao, na vijinga vya moto, wanacheka, lakini walivyosimama walikuwa wametuzunguka.

Bi Tatu hakucheka. Aliniondolea kifurushi, akakifungua, akatoa jani kubwa kuliko yote. Alilishika kichwa chini mpaka manjano ikachuruzika mchangani, akalipasua kwa kucha ya kidole gumba, akajipaka ule ute mweupe kwenye baka jekundu la mkono, pale mbele yao, bila haraka. "Chungu kilinirukia asubuhi," akasema. "Mnataka kuona na mahali pengine? Niinue nguo?"

Nilitaka kufa. Hamwezi kujua. Kamba ilikuwa inafunguliwa, na mimi nilikuwa simtazami anayeifungua. Nilitazama dawa ya mama yangu ikiisha kwenye mkono wa mtu mwingine. Nilimwona Bi Tatu mwizi mbaya kuliko wale wawili, maana wale walitaka kuniiba mimi tu.

Wanaume waliondoka wakinung'unika. Waliondoka na pakacha zima la chumvi bila kuuliza, na hakuna aliyewazuia. Walipopotea kwenye mikoko, kicheko cha wale wanawake kilikatika mara moja. Mmoja akaketi chini na kushika kichwa. Hapo nikajua kwamba na wao walikuwa wameogopa, na hilo likaniogopesha upya.

Bi Tatu akachuchumaa mbele yangu. "Nani kaungua?"

Kimya.

"Yuko mbali?"

Nikatazama vidole vyangu.

"Sawa. Usiseme. Tangulia, mimi nitafuata, nimchukue mgonjwa."

Sikutangulia. Nilikaa pale pale mchangani. Nilifikiri kwamba ndiye huyu sasa, ndiye mjanja kuwapita wote, anataka nimwonyeshe mama alipo. Alingoja. Mtu alimwita kwamba chungu kinaungua, akajibu kiungue. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, na jua likahama kidogo. Mwisho aliyakusanya majani yangu yote, hata lile alilolipasua, akayafunga katika kaniki na kuyaweka mapajani mwangu. Akainuka akanipa mgongo.

"Nenda zako," akasema akiwa ametazama vyungu. "Sikutazami. Mkikosa pa kulala, kibanda changu ni kile cha mwisho."

Nilikimbia. Nilikimbia nikigeuka nyuma kila hatua, na kila nilipogeuka niliuona mgongo ule, haukusogea.

Mama alikuwa bado chini ya mwamba, na maji yalikuwa yanakaribia miguu yake. Macho yalikuwa wazi. Nilifanya kama nilivyomwona Bi Tatu akifanya, nikainamisha jani manjano ikatoka, nikapasua, nikamwekea ute kwenye kidonda kuanzia begani. Alivuta pumzi kwa nguvu. Niliweka jani baada ya jani mpaka mkono wote ukawa kama umevikwa magamba ya samaki. Taratibu alirudi. Niliona akirudi, kama taa inavyopandishwa utambi.

"Umesema na mtu?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa unaweza kusema."

Maneno yalinitoka yote kwa pamoja. Gobore, kamba, nyoka, bubu, chumvi, jani lililoliwa na mkono wa mtu. Nilipotaja kamba, mama alinishika kifundo cha mkono akatazama alama, na uso wake ulibadilika rangi. Lakini aliniacha niendelee. Nilipofika kwa Bi Tatu akanikatiza.

"Huyo mama, alikuuliza sisi ni wa nani?"

"Hapana."

"Tumetoka wapi?"

"Hapana. Aliuliza nani kaungua. Halafu akanipa mgongo."

Mama aliikunja miguu yake, maji yasiifikie. Kisha, yeye aliyekuwa ameshindwa kuinuka, akaweka mkono mzima kwenye jiwe na kuinuka. "Basi twende kwake," akasema.

Tulifika wanawake wakiwa wanafunika vyungu vyao, jua halijazama bado. Bi Tatu alimpokea mama kama mtu aliyechelewa tu kutoka kisimani. Hakusema pole nyingi. Alimpa maji, akamtazama mkono, akasema mtoto ameweka vizuri ila majani ya juu yabadilishwe asubuhi. Kwangu akasema, "Wewe nje ya mlango huu bado ni bubu. Humu ndani sema hata uchoke." Nilibaki bubu kwa watu wa njiani mpaka miembe ya pale ikazaa. Watoto wa wapika chumvi walinifinya kila siku waone kama nitalia kwa maneno, na mimi nilijifunza kuwatukana kwa mikono.

Nilipokuwa mkubwa na kuanza kutembea, niliuliza kila mganga niliyemkuta juu ya mwiko wa shubiri. Walinicheka. Shubiri huchumwa na yeyote, waliniambia, hata mtu anayeimba, na kuku hupewa. Basi nikarudi kwa mama. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Nilimuuliza kwa nini alinifunga ulimi siku ile, na nusura nichukuliwe mtumwa kwa sababu nilishindwa kutaja kwetu.

Aliukaza ukili. "Ungetaja wapi?" akauliza.

"Nyumba ya Bwana Nasoro."

"Na wale watu wangekurudisha kwa nani?"

Ndipo nilipoelewa, mtu mzima, nimesimama na mkoba wangu wa safari mkononi. Kutwa nzima ile niliogopa wasije wakanifanya kitu ambacho nilikuwa tangu nilipozaliwa. Mama alikuwa mjakazi wa nyumba ile, baba naye alikuwa mtu wa Bwana, amekodishwa kubeba mizigo, na mimi nilizaliwa mtumwa wao. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi. Jibu lile zuri nililolimeza lingetutia sote wawili mikononi mwa Mbaruku, aturudishe kwa Bwana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli, badala ya kunitungia mwiko.

"Ningekwambiaje, Saumu?" akasema. "Ulikuwa unajivuna na ule mlango."

Jambo moja la jioni ile limebaki nami zaidi ya mengine. Kibanda cha Bi Tatu kilikuwa na chumba kimoja, sakafu ya mchanga. Alitandika jamvi, akamgeukia mama. "Utalala upande gani," akamuuliza, "wa ukutani au wa mlangoni?"

 Mama alisimama katikati ya chumba, akatazama ukuta, akatazama mlango, tena ukuta. Mimi nilikuwa nimeshajitupa chini, nalalamika kwamba jamvi lina chumvi na linawasha, na niliudhika kumwona amesimama vile. Nilidhani ni maumivu ya mkono. Bi Tatu alingoja, wala hakumharakisha.

"Wa mlangoni," mama akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kabla ya siku ile.